Fedha Ziliisha Mwezi wa Pili: Kisa cha Kituo Kimoja cha Kulelea Watoto Mchana

Usuli

Mwenye kisa hiki ameniruhusu kukiandika. Jina lake nimelibadilisha, humu namwita Mama Tunu. Kata yake siitaji; inatosha kusema iko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, ambako wazazi wengi hutoka nyumbani saa 11 alfajiri ili wawahi kazini mjini. Hesabu ni za daftari lake mwenyewe, nimezisogeza tu kwenye elfu iliyo karibu.

Nilimfahamu Juni 2023. Aliletwa kwangu na mwanakikoba mwenzake (kikoba, au VICOBA, ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara ndogo kupanga vitabu vyao. Alikuja na daftari la kurasa mia mbili lililojaa. Kila nyanya iliyonunuliwa ilikuwa imeandikwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia biashara imeyumba hudhani mwenyewe alikuwa mzembe. Mama Tunu hakuwa mzembe hata kidogo.

Alikuwa amefundisha watoto wadogo katika shule binafsi kwa miaka tisa, kwa mshahara wa shilingi 420,000 alipoondoka. Alichokiona kila mwaka ni akina mama waliokuja kuomba shule iwapokee watoto wasiofikia hata umri wa kutembea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo zikiisha, mtoto ana miezi mitatu na mama anatakiwa kazini. Bibi yuko mkoani. Dada wa kazi amepatikana wiki iliyopita na hajulikani vizuri. Mama jirani anayelea kwa shilingi 2,000 kwa siku ana watoto tisa chumba kimoja, na yuko peke yake. Uhitaji ulikuwepo, na sikuwahi kuutilia shaka hata baada ya kuona hesabu.

Mtaji wake wa kufungua kituo ulikuwa shilingi 14,000,000. Akiba yake mwenyewe 6,500,000, mumewe 2,500,000, dada yake wa damu alimkopesha 2,000,000 bila riba, na VICOBA 3,000,000, kwa marejesho ya 275,000 kila mwezi kwa miezi 12 kuanzia Januari.

Mpango ulivyokuwa na fedha zilivyotoka

Mpango wake wa Oktoba 2022 ulikuwa na vipengele saba: kodi ya nyumba ya miezi sita 2,700,000, ukarabati 1,500,000, magodoro, mashuka, viti na meza 1,900,000, bembea, telezi na vifaa vingine vya kuchezea 1,200,000, jikoni 1,150,000, vibali na nauli za kufuatilia 200,000, bango na vipeperushi 300,000. Jumla 8,950,000. Angebaki na 5,050,000 za kuendeshea kituo mpaka watoto wajae.

Siku anafungua mlango, alikuwa ametumia 12,400,000. Alibaki na 1,600,000.

Zilikwenda wapi? Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja, 450,000, ambayo haikuwemo kwenye mpango. Maji ya bomba yalikuwa ya mgawo, ikabidi anunue tangi la lita 2,000, mnara wake na mabomba: 700,000. Vizima moto viwili na sanduku la huduma ya kwanza vilikula 260,000. Vibali, pamoja na kuwapima afya wafanyakazi, vilifika 390,000 badala ya 200,000. Lakini shimo kubwa lilikuwa ukarabati. Alitenga 1,500,000, akalipa 3,350,000.

Hili la ukarabati nataka lieleweke vizuri. Alikabidhiwa nyumba tarehe 1 Desemba. Kwa hamu ya kufungua Januari, akaita fundi rangi wiki hiyo hiyo. Kuta zikapakwa, zikachorwa twiga na samaki, sakafu ikawekwa zulia la plastiki. Kisha ndipo akapeleka maombi ya usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana lazima kisajiliwe, na safari ya usajili huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa alikuja na mwenzake wa afya. Walimsifu kwa usafi, kisha wakaanza kuonyesha kwa vidole: choo ni cha watu wazima na kiko mbali na chumba cha watoto, chumba cha kulala hakina mlango wa pili, mtoto akipata homa atatengwa wapi mpaka mzazi afike? Jiko limeungana na sebule wanamochezea.

"Mama, ukuta huu itabidi uuvunje," afisa alimwambia kwa upole. Mama Tunu anasema alitamani kukaa chini palepale kwenye zulia jipya.

Ukuta wenye twiga ukavunjwa. Choo cha watoto chenye masinki ya chini kikajengwa, jiko likatengwa, rangi ikarudiwa. Nilipopitia risiti naye, kazi iliyofanywa mara mbili peke yake ilikaribia shilingi 900,000. Mafundi waliila Desemba nzima, ndiyo kusema mwezi mmoja kati ya sita ya kodi ulikwisha kabla mtoto hata mmoja hajaingia.

Miezi mitano ya kwanza

Alifungua wiki ya pili ya Januari 2023, shule zilipofunguliwa. Cheti cha usajili hakikuwa kimetoka. Alikuwa na nakala ya barua ya maombi tu. Alihesabu kwamba akiikosa Januari, wazazi watakuwa wameshapata pengine. Naelewa kwa nini aliamua hivyo. Hata hivyo siungi mkono, kwa sababu tunazungumzia watoto wa watu: lingetokea lolote wiki hizo, asingekuwa na pa kusimamia. Cheti kilitoka Aprili.

Ada aliipanga shilingi 80,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, chakula ndani. Aliipataje? Aliuliza vituo viwili vya jirani, kimoja kikatoza 70,000 na kingine 90,000, akakaa katikati. Wafanyakazi walikuwa mlezi mkuu mwenye cheti cha malezi kwa 280,000, mlezi msaidizi kwa 210,000, na mpishi kwa 150,000. Yeye mwenyewe hakujilipa.

Januari walikuja watoto 6. Februari 9, Machi 13, Aprili 14, Mei 17. Kwa kituo kipya hayo si mabaya. Aprili ilikuwa ya mfungo na masika pamoja, na bado hakupungukiwa. Ila fedha zilikuwa na mwendo wake. Januari aliingiza 420,000 na kutoa 1,290,000. Februari 660,000 ziliingia, 1,356,000 zikatoka. Jioni ya tarehe 28 Februari daftari linaonyesha salio la shilingi 34,000.

Machi idadi ya wachanga ilifika wanne, akaajiri mlezi wa tatu kwa 210,000. Kufikia mwisho wa Mei, makusanyo ya miezi mitano yalikuwa 4,290,000 na matumizi 7,674,000, na hapo kodi ya nyumba haimo kwa kuwa ilikwisha kulipwa. Pengo la 1,784,000 lililobaki baada ya salio lake kuisha lilizibwa na mshahara wa mume na mikopo ya simu, ile ya kukopa leo na kurejesha mwezi haujaisha.

Tarehe 1 Juni kodi ikaisha. Baba mwenye nyumba alitaka miezi sita tena. Baada ya kubembelezana alikubali mitatu, 1,350,000, ambazo mume alizikopa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya kazini kwake. Wiki iliyofuata shule zikafunga. Kaka na dada wakubwa wakawa nyumbani, wazazi wakaona hakuna haja ya kulipia ulezi. Watoto wakashuka kutoka 17 hadi 11. Hapo ndipo alipokuja kwangu.

Uamuzi alioufanya, na sababu zake

Kabla ya kueleza tulichobadilisha, kuna uamuzi mmoja aliokuwa ameshaufanya peke yake, ambao naamini ndio uliokiokoa kituo. Katika miezi yote hiyo ya ukame, walezi walilipwa tarehe 30 bila kukosa. Duka la unga lilisubiri, fundi wa tangi alisubiri, yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mwalimu: mtoto mchanga huzoea mikono ya mtu mmoja, harufu yake na sauti yake. Mlezi akiondoka, mtoto hulia wiki nzima, mama humwona amekonda, na wiki ya pili hamleti tena. Kwa hesabu yake, mlezi mmoja akiondoka ataondoka na watoto watatu. Hiyo ni hesabu ya biashara, ingawa yeye alidhani anazungumzia malezi tu.

Tulikaa siku mbili na daftari. Kwanza tuliandika gharama ambazo mwezi haujali una watoto wangapi. Mishahara 850,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ambako hakuwa amewaandikisha wafanyakazi wake, ni asilimia 20 ya mshahara; nusu anaweza kumkata mfanyakazi, nusu ni yake: 85,000. Kodi ya nyumba 450,000. Maji, umeme wa LUKU na gesi 140,000. Sabuni, dawa za usafi na tishu 70,000. VICOBA 275,000. Jumla 1,870,000.

Kisha mtoto mmoja. Analipa 80,000. Uji, matunda, chakula cha mchana na maziwa ya jioni vilimgharimu 1,500 kwa siku, siku 22, yaani 33,000. Zinazobaki kusaidia gharama zile ni 47,000. Gawa 1,870,000 kwa 47,000: watoto 40.

Mama Tunu alinyamaza. Nyumba yake ilikuwa na nafasi ya watoto 30. Tukajaribu kuipendelea hesabu: tuseme kimejaa, 8 kati yao ni wachanga wanaoletewa maziwa na mama zao na hawali chakula cha kituo. Wachanga wanachangia 640,000, wakubwa 22 wanachangia 1,034,000. Jumla 1,674,000. Kituo kingejaa mpaka mlangoni, kwa walezi watatu tu, na bado kingepata hasara ya karibu 200,000 kila mwezi. Muda wote alidhani tatizo lake ni kukosa watoto.

Yafuatayo ndiyo aliyoyabadilisha kuanzia Julai.

Ada iligawanywa. Wachanga wa miezi 3 hadi 18 wakawa 150,000, wakubwa 100,000. Mwanzoni aliwapokea wachanga kwa bei moja na wengine kwa kuwa "hawali". Lakini mchanga anahitaji mikono. Mlezi mmoja akiwashika wanne, mshahara wake na mchango wa NSSF ni 231,000, karibu 58,000 kwa kila mtoto kabla hujalipa kodi wala maji. Aliweka pia kikomo: wachanga 8, walezi wao wawili. Wazazi wawili waliondoka kwa ajili ya bei mpya. Mmoja alirudi baada ya wiki tano.

Akaanzisha ada ya siku, 6,000. Mama lishe na wauza genge hawana tarehe 30, wana leo. Mwenye kipato cha siku ukimdai 100,000 kwa mkupuo unamfukuza, wala si kwamba hana nia ya kulipa. Hili lilileta watoto ambao zamani walikuwa wanalala chini ya meza za biashara.

Kuchelewa kumchukua mtoto baada ya saa 12 na nusu jioni kukawa na malipo ya 2,000, na fedha hiyo yote anapewa mlezi aliyebaki. Foleni za Dar es Salaam hazina huruma na wazazi hawakuwa wakorofi, lakini mlezi naye ana watoto wake wanaomsubiri.

Chakula kilinunuliwa kwa jumla sokoni kila Jumamosi badala ya dukani kila asubuhi, kikashuka hadi 1,200 kwa mtoto kwa siku bila kupunguza yai wala tunda. Niliangalia hilo kwa makini, maana ni rahisi sana kubana matumizi kwenye bakuli la asiyeweza kulalamika.

Na kodi ya nyumba ikaanza kutengwa kila wiki kwenye akaunti ambayo kadi yake anakaa nayo mumewe.

Matokeo

Julai walirudi 18. Agosti na Septemba hazikumwachia kitu, kwa sababu nyingine kabisa. Alipokwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kufanyiwa makadirio ya kodi ya mapato, aliulizwa mkataba wa pango, akaelezwa kwamba mpangaji wa biashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango analomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha yeye TRA. Alikuwa amemlipa mwenye nyumba fedha kamili mara mbili, 4,050,000. Mwenye nyumba akakataa kurudisha. Zile 405,000 zikamtoka yeye, kwa mafungu mawili. Malipo ya Septemba aliyakata mapema, na mkataba mpya ukaandikwa hivyo.

Oktoba 2023 kituo kilikuwa na wachanga 7, wakubwa 16, na wa siku ambao kwa mwezi mzima walifikisha mahudhurio 70. Alikusanya 2,890,000. Akawalipa walezi wanne na mpishi, NSSF, chakula, akatenga kodi, akarejesha VICOBA, jumla 2,637,000. Zilibaki 253,000, fedha ya kwanza aliyoiita yake tangu afungue. Ni pungufu ya mshahara wake wa zamani kwa 167,000. Lazima niiseme, kwa kuwa nimeona wengi wakiacha kazi kwa kudhani kituo kitawalipa mwezi wa tatu.

VICOBA iliisha Desemba. Dada yake bado anamdai 2,000,000.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Tukijumlisha upungufu wa Januari hadi Mei, 3,384,000, na kodi ya Juni hadi Agosti, 1,350,000, tunapata 4,734,000. Mpango wake wa kwanza ulimwachia 5,050,000. Yaani mtaji wa kumvusha mpaka Juni alikuwa nao. Ulimezwa na ukuta, tangi na dalali kabla hajafungua. Laiti angemwita afisa ustawi wa jamii kuitazama nyumba tupu, kabla hata ya kumpa dalali chake, huenda asingepanga nyumba ile. Nimewauliza wengine wenye vituo; karibu wote wanasema maafisa hawakatai kuja kushauri mapema. Sisi ndio tunaoogopa kuwaita, tukidhani wanakuja kufunga.

Bembea na telezi za 1,200,000 zingesubiri mwaka. Telezi ni la chuma, saa sita mchana linaunguza, na watoto hulitumia asubuhi kidogo tu. Hakuna mzazi aliyelitaja. Mama Tunu alikuwa akiandika maswali ya wazazi siku ya kwanza wanapofika: maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, nani atamshika mwanangu, nani anaruhusiwa kumchukua. Kwa swali hilo la mwisho alikuwa na daftari lenye majina mawili na namba za simu kwa kila mtoto, na siku moja alimkatalia baba mdogo aliyekuja bila taarifa, akamkalisha kwa heshima mpaka mama alipopiga simu. Habari hiyo ilitembea mtaani. Kati ya watoto 17 wa Mei, 15 waliletwa na maneno ya mzazi mwingine. Bango la 300,000 lilileta wawili, kama hao nao hawakusikia kwa jirani.

Kosa la ada halikuwa la kwake peke yake. Kila kituo huuliza jirani anatoza ngapi, na jirani naye aliuliza jirani. Baadaye niligundua kituo kile cha 70,000 kiko kwenye nyumba ya mwenyewe, hakilipi pango, na walezi wake ni mabinti wa ukoo. Mama Tunu alinakili bei ya mtu ambaye gharama zake hazifanani na zake. Na mzazi kwa upande wake hulinganisha ada na posho ya dada wa kazi anayelala ndani, kwa hiyo dari ya bei ipo na iko chini. Hapa sina jibu safi. Ada ya 150,000 kwa mchanga ni haki kwa mlezi, lakini inamwacha nje mfanyakazi wa kiwandani wa kima cha chini, ambaye ndiye hasa Mama Tunu alianza akimfikiria. Ada ya siku imemsaidia mama lishe. Yule wa kiwandani bado yuko kwa mama jirani wa 2,000.

Kuna jambo hatukuliona mpaka Desemba. Watoto 7 kati ya 16 wakubwa walikuwa wametimiza umri wa darasa la awali, na shule ya serikali tangu 2016 haitozi ada. Hakuna mzazi atakayekulipa 100,000 mahali penye shule ya bure. Kituo cha namna hii hupoteza sehemu kubwa ya watoto wake kila Januari, na mpango wowote usio na Januari ni nusu mpango. Safari hii Mama Tunu aliwahi. Watoto wa awali hutoka shule mchana, mzazi yuko kazini mpaka jioni. Akawaandikia wazazi wote saba kwamba anaweza kuwapokea kuanzia saa 6, chakula na usingizi, kwa 50,000. Watano walikubali. Mlezi msaidizi huwafuata kwa miguu, wameshikana kamba yenye vifundo, na mchana mtaa mzima huwasikia wakihesabu hatua.